Jiko la Perere na Kitambaa cha Mama Ngiri

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma, mbona hamuitikii? Paukwa!

Pakawa!

Moshi?

Wa jikoni!

Macho?

Yanawasha!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama wa bonde moja walipikia kuni. Wakakata mti huu, wakakata ule, wakakata na wa jirani yake, mpaka ukabaki mkuyu mmoja tu. Katika shimo la mkuyu huo aliishi Perere, kamnyama kadogo ka manyoya kanakokaa mitini, pamoja na watoto wake wawili ambao hawajajua kushuka chini.

Perere aliliona shoka linavyosogea. Akatengeneza jiko la jua: sanduku lenye bati la kung'aa ndani na kioo juu. Unaweka chungu, unaliacha juani, maharage yanaiva bila kuni wala moshi. Akatengeneza moja kwa kila nyumba, kisha akawaita wanyama wote akawahutubia.

Alihutubia, jamani! Akaeleza jua, akaeleza mwanga, akaeleza joto. Mwisho akawaambia kwamba jiko hilo ni kitu cha thamani, walitunze. Wanyama wakapiga makofi, wakaondoka nayo.

Baada ya siku chache akapita kwa Mama Ngiri. Akamkuta anakohoa jikoni, macho mekundu. Jiko la jua lilikuwa uani, juani kabisa, limefunikwa kitambaa cha kufuma, kile cha maua anachotandika wageni wakija. Mama Ngiri akalalamika kwamba halipiki. Perere akavuta pumzi, akaeleza upya: jua, mwanga, joto. Mama Ngiri akaitikia kila neno. Perere akaenda zake, na kitambaa kikabaki palepale.

Akapita kwa Nungunungu. La kwake lilikuwa kabatini, pamoja na sahani za wageni. Perere akaeleza tena: jua, mwanga, joto. Nungunungu akaitikia, akafunga kabati.

Akapita kwa Kima. Afadhali Kima, la kwake lilikuwa nje na halina kitambaa. Ila chini yake alikuwa amewasha kuni.

Hapo Perere alikaa chini akashika kichwa. Nyie mngefanya nini? Alikereka mpaka masikio yakamcheza. Akaeleza kwa sauti ya juu, akaeleza akipiga mguu chini, na Kima akazidi kuchochea moto.

Basi wanyama wakakutana, wakakubaliana kwamba jiko la Perere ni bovu na mkuyu ukatwe. Asubuhi Nungunungu akaja na shoka, wenzake nyuma yake. Akamsalimu Perere vizuri, akampa pole, akamwomba awatoe watoto. Kisha akapiga shoka la kwanza. Shimoni watoto wakalia.

Perere akateremka mbio hadi kwa Mama Ngiri, aliyesimama nyuma ya Nungunungu. Akafungua mdomo aeleze jua, na sauti haikutoka. Ilikuwa imekauka kwa kueleza. Kikabaki kinong'ono tu, na kwa kinong'ono hicho, kwa mara ya kwanza, akauliza.

"Mama Ngiri, dada yangu, kwa nini unalifunika?"

"Si wewe ulisema ni kitu cha thamani, tukitunze?" Mama Ngiri akashangaa. "Mimi kitu cha thamani sikiachi uchi, shoga yangu. Kuna vumbi, kuna jua kali, kuna macho ya watu. Nimelitunza sana. Kila Ijumaa kitambaa nakifua."

Hasira zote zikamgeukia Perere mwenyewe.

Akamshika Mama Ngiri mkono mpaka uani kwake, wengine wakafuata, shoka na wao. Akamwambia atie mkono chini ya kitambaa, ndani ya jiko. Baridi. Perere akakivuta kitambaa, wakakaa wakipiga soga. Kisha akamwambia atie tena. Mama Ngiri akatia, akaurudisha haraka akiupuliza.

Akakitazama kitambaa chake cha maua. "Kumbe linakula jua," akasema. "Na mimi nimeliziba mdomo."

Maneno hayo Nungunungu aliyaelewa kuliko hotuba zote. Akaweka shoka chini, akaenda kutoa la kwake kabatini. Siku hiyo maharage yaliiva kabla jua halijatua, na mkuyu ukabaki na kovu lake.

Sasa, wa bonde la pili nao wakasikia, wakatengeneza majiko yao. Na wao wakayafunika vitambaa. Ndiyo maana hadi leo mkisikia Perere anakoroma na kupiga kelele mtini usiku, msiogope. Amechoka tu. Anawaambia wafunue.

Nanyi mnaokwenda kuwafundisha watu nishati safi, sikieni: kumpa mtu jiko si kumfundisha. Muulizeni kwanza analionaje, kisha mwacheni atie mkono mwenyewe.

Ngano yangu nimeiipua hapa. Ikiwa imeiva, kuleni. Ikiwa mbichi, irudisheni juani, na kitambaa msiweke.