Kwa Nini Harufu ya Kitunguu Saumu Haitoki Mkononi

Leo asubuhi nimemsikia mmoja wenu akimwambia mama yake, "Usinishike uso, mama, mkono wako unanuka." Nilinyamaza kwa sababu tulikuwa na wageni. Sasa wageni wameondoka. Kaeni hapa, mjue mkono huo unanuka kwa nini.

Hapo kale kitunguu saumu hakikuwa na harufu. Kilikuwa bonge moja laini, kitamu kama karanga mbichi, na hakikuwasha ulimi wa mtu. Ukikiponda, unanawa maji kidogo tu, na hakuna anayejua kama ulikuwa jikoni au ulikuwa umelala.

Wakati huo Kalunde aliolewa katika nyumba ya Mzee Masanja, akazaa mtoto wa kike. Ni yeye aliyebuni kitoweo cha mtindi. Alichuja mtindi kwa kitambaa mpaka ukawa mzito, akaponda kitunguu saumu na chumvi kwenye kinu kidogo, akachanganya, kisha akauacha mpaka ukolee. Viazi vya kuchoma vilivyochovywa humo vilikuwa haviishi hamu.

Lakini aliyepeleka bakuli barazani ni wifi yake, Nyamizi.

"Nimehangaika nacho tangu alfajiri, baba," alisema kila siku, akijifuta jasho ambalo halikuwepo.

Wazee walimsifu. Kalunde alibaki jikoni akikwangua kinu kwa kidole. Alipolalamika, Nyamizi alicheka. "Wifi nawe! Kwani bakuli lina jina lako?"

Siku moja Mzee Masanja akatangaza kwamba kesho yake, baada ya chakula, atakabidhi kibuyu cha nyumba kwa mwenye mkono unaopika kitoweo kile. Mwanamke mwenye kibuyu ndiye aliyegawa maziwa ya ng'ombe wote. Kalunde alielewa. Kibuyu kikienda kwa Nyamizi, mtoto wake angekunywa maziwa kwa kuombewa.

Kesho yake aliponda huku machozi yakidondoka kinuni. Ndipo kitunguu saumu kikashindwa kuvumilia.

"Mimi napondwa, wewe unaponda," kikasema, "na anayesifiwa hajui hata mchi unawekwa wapi! Haiwezekani!"

Kwa hasira kikapasuka vipande vipande. Kila kipande kikajifunga shuka yake, kikawa kikali, kikatoa harufu iliyojaa jiko zima. Kalunde alinawa kwa maji, akanawa kwa majivu. Haikutoka.

Nyamizi akalinyakua bakuli kama kawaida. Mzee Masanja alichovya kiazi, akatoa macho, kisha akachovya tena.

"Leo kina nguvu! Nani ameponda?"

"Mimi, baba. Nani mwingine?"

"Lete mkono."

Mkono wa Nyamizi ulinukia samli aliyojipaka. Mzee akaagiza Kalunde aitwe. Alikuja na mtoto mgongoni, akauficha mkono kwa aibu. Mzee aliushika, akaunusa, kisha akanusa bakuli: harufu ni ile ile.

"Ah, baba, huyo ameshika bakuli tu," Nyamizi akadakia.

"Bakuli umelishika wewe," mzee akajibu. "Mbona halikukuachia kitu?"

Mzee akakitungua kibuyu ukutani, akampa Kalunde. Naye, kabla hajamshukuru yeyote, akammiminia mwanawe maziwa.

Na tangu siku hiyo kitunguu saumu kina vipande, kila kimoja na shuka yake, nacho huuma ulimi mpaka kipozwe na mtindi. Harufu yake hulala mkononi mwa aliyekiponda hata akinawa mara saba. Na ndiyo maana hapa kwetu mkono wa mpishi hunuswa kwanza, na tonge la kwanza ni lake.

Sasa wewe uliyekwepa mkono wa mama yako, nenda jikoni. Unuse, halafu umwombe radhi. Na kiazi cha kwanza usikiguse.