Taarifa ya Ghala la Tembo

Zamani hizo, wanangu, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba, wakipika na kulipa kodi kama sisi, mfalme wao alikuwa Tembo. Kila mavuno, kila kaya ilipeleka mtama kwenye ghala la mfalme. Mkubwa debe, mdogo kibaba. Mtama ule ulikuwa wa siku ya njaa, ndivyo walivyokubaliana.

Sheria ilimtaka mtunza ghala atoe taarifa kila mwaka: kilichoingia hiki, kilichotoka hiki. Mtunza ghala alikuwa Kiboko. Taarifa aliitoa, tusimsingizie. Ila alimpa Tai akaibandike juu kabisa ya mnara wa ikulu, eti mbuzi wasije wakaitafuna! Huko nani aisome? Tembo mwenyewe aligonga muhuri bila kusoma, maana kusoma kulimletea usingizi.

Ukaja mwaka mvua ikagoma. Kindi, mjane mwenye mtoto mmoja aitwaye Tunu, alimaliza mtama wake, akamaliza na mizizi. Tunu akawa halii tena. Mama yeyote anajua, mtoto mwenye njaa akiacha kulia mambo yameshaharibika.

Kindi akaenda ghalani kuomba kibaba kimoja tu. Kiboko, mafuta bado yanamng'aa mdomoni, akasema hana agizo la kufungua. Kindi akauliza, mtama wetu basi umekwenda wapi?

"Yote yamo kwenye taarifa, Bi Kindi," Kiboko akamjibu huku akicheka. "Nenda kasome."

Kesho yake akarudi, akajibiwa vilevile. Keshokutwa vilevile. Nyumbani Tunu alikuwa hawezi tena hata kukaa.

Lakini Kiboko alisahau kuwa anasema na Kindi. Siku hiyo wanyama walijaa uwanjani pa ikulu, wameitwa walipe kodi nyingine juu ya ile. Kindi akaupenya umati, akaukwea mnara, parr, parr, parr, mpaka kileleni. Akasoma kilichotoka. Karamu ya mfalme. Mapazia ya ikulu. Karamu ya kuzindua mapazia. Neno njaa halikuwepo popote.

Moyo ulimuuma. Lakini akawaza: nikiwasomea haya, wataichana karatasi na mimi watanifunga, na Tunu hatakula. Akajifuta machozi, akapaza sauti.

"Sikilizeni taarifa ya mfalme wetu! Mwaka wa njaa ghala lifunguliwe, kila kaya ipewe mtama wake. Na muhuri wa Tembo huu hapa!"

Uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Kiboko jasho likamtoka. "Mwongo huyo! Hayo hayamo!"

"Basi, bwana mkubwa," Kindi akasema kwa adabu, "tuambie wewe yaliyomo."

Yaliyomo Kiboko aliyajua vizuri sana. Akamtupia Tembo jicho la kuomba msaada. Na Tembo, mbele ya raia wote wale, angesemaje kwamba hajui alichokigongea muhuri?

Tembo akakohoa. "Ni mimi niliyeagiza hivyo," akasema. "Kiboko, fungua."

Kacha! Kufuli likaachia. Mtama ulikuwepo, wanangu. Haukuwa wote, lakini uliwatosha. Ulikuwepo siku zote zile Kindi alizofukuzwa mlangoni. Wanyama walilia kwa furaha, wakawa wanamtafuta Kindi wamwinue juu. Yeye alikwisha kuchota kibaba chake, yuko njiani anakimbia.

Alimkuta Tunu amelala kizingitini, uso ameuelekeza njiani. Akamwita. Akamwita tena, taratibu, kama anayeogopa kumwamsha. Akatafuna punje, akailainisha, akamtia mdomoni. Punje ikabaki palepale.

Majirani walipofika na ngoma zao, walimkuta Kindi anatwanga. Twa, twa, twa. Wakazinyamazisha ngoma. Wakamwomba apumzike, akakataa. Aliutwanga mtama wake wote, akawagawia watoto wao unga, mmoja mmoja, na kila aliyempa alimshika shavu. Jioni wakaenda pamoja kumzika Tunu.

Kodi ya wote ni chakula cha siku ya njaa, wanangu, na anayekikalia mpaka siku hiyo ipite ameua.