Bi Kindi na Waliobonyeza "Nakubali"

Hapo zamani za kale, watoto, lakini si kale sana, maana simu zilikuwepo na bando liliisha vilevile, aliishi Bi Kindi juu ya mkuyu. Kazi yake ilikuwa kuandika jarida dogo la mtandaoni. Kila asubuhi, ting! Wanyama walipata habari: majani mabichi yameota wapi, nani kaoa, nani kakimbia arusi yake mwenyewe.

Ili awatumie habari za jirani, wasomaji walimwambia wanakoishi. Swala alimweleza hata kwamba amejifungua, hivyo anataka malisho ya karibu asimwache mtoto peke yake. Bi Kindi alizitunza siri hizo kama meno yake.

Siku moja mti ukatikisika, tikitiki! Chini walisimama Fisi na Chui.

"Shikamooni, wazee wangu," alisema Bi Kindi.

"Marahaba. Tuambie Swala analala wapi," alisema Fisi, mate yakimchuruzika. "Tunataka kumpa hongera ya uzazi."

"Hongera ya meno hiyo?"

"Usitupotezee muda!" Chui akanguruma. "Mimi hupanda miti, unajua."

Bi Kindi akawaza. Kukimbia angeweza, lakini mtoto wa Swala je? Akatabasamu.

"Mbona rahisi, wazee? Anwani zitatoka kwenye toleo la kesho. Ila ni la wasomaji tu. Jiandikisheni."

Wakatoa simu zao, fomu ikawauliza: Unalala wapi? Usingizi hukukolea wakati gani? Unaogopa nini?

"Hili la kuogopa la nini?" Chui akauliza.

"Ili nisikutumie habari za kukutisha, mzee."

Chui akaandika: nyuki. Fisi akachungulia huku na huku, akaandika: mwavuli ukifunguliwa ghafla. Mwishoni kulikuwa na maandishi marefu, madogo kama chawa.

"Hayo yasomeni kabla ya kukubali," alisema Bi Kindi.

"Nani husoma upuuzi huo?" Fisi akabonyeza NAKUBALI. Chui naye, kwa ukucha, ta!

Asubuhi, ting! ting! ting! Msitu mzima ukasoma: "Wasomaji wetu wapya! Fisi hulala pangoni nyuma ya kichuguu, huogopa mwavuli. Chui hulala kwenye mgunga wa mtoni, huogopa nyuki. Wote wawili wanawinda vitoto vichanga."

Nyani wakauning'iniza mzinga juu ya mgunga. Vuuu! Chui akajitosa mtoni, chubwi! Swala mwenyewe akaenda pangoni na mwavuli. Fwaa! Fisi akatoka mbio, akijinyea njia nzima.

Jioni Fisi akarudi chini ya mkuyu, akihema.

"Mwanaharamu wewe! Umezitangaza siri zangu!"

"Mzee wangu, soma ulichokikubali: 'Siri za wasomaji hatumpi mtu. Lakini anayekuja kutafuta za wenzake, zake tutazitangaza.'"

"Mimi sikusoma!"

"Nami sikukukataza kusoma," alisema Bi Kindi, akaendelea kuandika toleo la kesho.

Basi, wanangu, hadithi imetua, nanyi shikeni hili: anayenyemelea siri za mwenzake huanza kwa kumwaga zake.