Jina la Kutajwa Kabla ya Tonge

Hapo zamani, kule Ugogo, mvua zilikata miaka miwili mfululizo. Mtama ukakauka shambani, mbuzi wakafa mmoja mmoja.

Kando ya zizi la Masima, mfuga nyuki, palikuwa na mti wa mng'ongo uliojiotea. Miaka yote mbuzi walikula matunda yake na kutema kokwa, nazo zilijaa zizini, ngumu kama kokoto. Ndugu zake wakataka kuukata mti wachonge mizinga, wakaibadilishe kwa nafaka. Masima akakataa. Wakamtenga, naye akashinda shinani akiulinda, shoka magotini.

Mkewe, Mbeleje, akaona panya wa zizini wananenepa huku watoto wanakonda. Akafukua, akakuta kokwa zimetobolewa. Akapasua moja, ikatoa kiini cheupe. Hakuna aliyejua kama kina sumu. Akamwagiza mumewe awatunze watoto, kisha akala kiganja kizima, akaketi kungoja. Jua lilipotua alikuwa mzima.

Lakini kokwa ziliwashinda watu. Ukigonga kwa nguvu, kiini kinasagikia gandani. Ukigonga taratibu, haipasuki. Ndahani, mfinyanzi, akakaa na mawe siku tisa, akakiponda kidole gumba hadi kikafa, mpaka akajua pa kugonga. Akafundisha kila nyumba. Viini vikatwangwa, vikaungwa kwenye mlenda, vikakamuliwa mafuta. Hakuna mtoto aliyezikwa tena. Na kokwa za zizini zilipoisha, mng'ongo ukazaa.

Mvua iliporudi, kijiji kikakubaliana kwamba kila mavuno, kabla ya tonge la kwanza, litajwe jina la mtu mmoja aliyewaokoa, vizazi na vizazi.

Masima akasimama. "Ndugu zangu walinitenga kwa ajili ya mti huu. Ningekubali ukatwe, kokwa zingeisha, nasi tungekwisha."

Mbeleje hakumtazama mumewe. "Mti ulikuwapo, na watu walikufa chini yake. Mimi nilitia kinywani nisichokijua, watoto wangu wakitazama."

Ndahani akainua mkono wake. "Mti mlikuwa nao, kiini mlikijua, na bado mlilala na njaa. Tangu gumba hili life, sijafinyanga chungu hata kimoja."

Hakuna aliyeona haya kudai, wala aliyembeza mwenzake. Mlenda umeshapakuliwa, watu wamenawa, wanangoja jina.

Haya, ninyi mnaonisikiliza: kati ya hao watatu, ni nani aliyestahili kutajwa?