Jini Aliyekwenda Matangani Badala ya Bwana Wake

Zama za Sultani Mundhiri bin Saifu, mtawala wa mji wa Marambuni, alikuwako tajiri wa udi na marashi, Sharmadi jina lake, kijana wa sura na mali, na mvivu wa watu. Siku moja alinunua chetezo cha kale, akakitia makaa, na moshi ukafuka ukawa jini, na jini akapiga magoti na kunena, "Labeka, bwana! Mimi Barjisi, mtumwa wa chetezo hiki. Niamuru."

"Wakati haunitoshi," akasema Sharmadi. "Nipunguzie kazi."

Basi Barjisi akapima udi, na akajibu barua, na akagombana na wapagazi, haonekani ila sauti, na Sharmadi akilala mpaka adhuhuri. Kisha akamwamuru avae sura yake akamuuguze Sheikh Nabhani, baba wa mchumba wake Batuli, maana wagonjwa, alisema, wanamlia mtu wakati bure. Na mzee alipofariki, jini ndiye aliyebeba jeneza, na ndiye aliyelala matangani juu ya jamvi. Sharmadi yuko kwake, anakula halua!

Ama siku ya nikaha alikwenda mwenyewe. Hilo hakumtumia mtu.

Kadhi alipouliza ridhaa, Batuli akasema nyuma ya pazia, "Kwanza bwana harusi anambie, baba aliomba nini siku ya mwisho?"

Sharmadi jasho likamtoka, na kwa mazoea akapiga ukelele, "Barjisi! Njoo uwajibu hawa!"

Lahaula! Wakasimama Sharmadi wawili, kanzu kwa kanzu, na Sultani mwenyewe, aliyealikwa nikahani, akamwagikiwa na kahawa.

"Aliomba uji wa mchele," akasema wa pili, "nikampikia, akanywa kidogo, akaniusia nisikuache mpweke."

"Niozesheni huyo," akasema Batuli.

"Mwanangu," akasema kadhi, "huyo jini!"

"Nimeona, sheikh. Na yule mwingine ni nini?"

Ndipo Sultani akanena, "Aliyezika ndiye mkwe," na akamwacha huru Barjisi, na nikaha ikafungwa, na jini akamwaga lulu mlangoni kwa Batuli, na wakaishi kwa neema.

Sharmadi akarudi kwake na wakati tele, hana wa kukaa naye.

Nanyi mliosikia, kazi zenu mpeni mumtakaye. Lakini kwa mgonjwa na kwa maiti, nendeni kwa miguu yenu.