Albamu ya Wazee wa Bugaluu

Wapendwa, leo naomba niwapeleke dansini. Msinikodolee macho, mchungaji wenu hajarudi nyuma.

Kulikuwa na bendi moja ya roki, wale vijana wa zamani wa suruali za bugaluu. Sasa ni wazee wenye miwani na dawa za presha. Wakaamua kutoa albamu moja ya mwisho, yenye mlio wao ule wa mwanzo. Wakatafuta magitaa yaleyale, wakarudi studio ileile. Tatizo likawa moja: mpiga solo na mwimbaji walikuwa hawasemeshani, mwaka wa kumi na moja huo. Mpiga solo alifiwa na mkewe, na mwimbaji, rafiki yake tangu ujana, hakuonekana msibani. Hata salamu hakutuma.

Kwa hiyo wakapanga zamu. Mpiga solo anarekodi Jumatatu, mwimbaji Alhamisi, wasikutane hata mlangoni. Fundi mitambo akaunganisha vipande, akamwita kila mmoja kwa siku yake aje kusikiliza. Hakuna noti iliyokosewa, lakini wimbo ulikuwa umepoa kama ugali wa jana. Mpiga solo akalaumu spika. Mwimbaji akalaumu kompyuta.

Fundi akachoka nao. "Wazee wangu, mnisamehe," akawaandikia wote ujumbe mmoja, "zamani mlirekodi chumba kimoja, wimbo mzima kwa mkupuo. Mwimbaji akisahau ubeti, mpiga solo anazungusha gitaa palepale, kipande kilekile, mpaka mwenzake akumbuke. Hicho ndicho watu walichokipenda. Njooni Jumamosi wote, au mtafute fundi mwingine."

Wakaja. Wakakaa wanatazamana, bila salamu. Mpiga dramu akaketi katikati yao. Mmewahi kukaa kati ya watu wawili walionuniana? Si hata kukohoa unaogopa?

Wakaanza. Ubeti wa kwanza ukapita. Kwenye wa pili mwimbaji akafungua mdomo, sauti haikutoka. Wote wakatazama vidole vya mpiga solo. Atamsubiri, au ataweka gitaa chini aende zake?

Akazungusha. Mara moja. Mara mbili. Mara ya tano. Ndipo mwimbaji akasema, mitambo ikiendelea kurekodi:

"Kaka, nilikuja. Nilikuwa safarini, nikafika mmeshazika. Nikaona aibu, nikageuka pale getini kwako. Kila mwaka aibu ikazidi."

Gitaa likanyamaza.

"Siku tatu nilikuwa naangalia lile geti," mpiga solo akasema. "Kila gari likisimama, nasema huyo ni yeye."

"Nisamehe, kaka."

Mpiga solo akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaifuta tena. Kisha akasema, "Haya. Tuanze mwanzo."

Mnataka kujua albamu ilitokaje? Sijui, na wala sijali. Mimi nina habari na sisi. Kila Jumapili tunanung'unika: uamsho wa zamani uko wapi? Mbona kanisa la siku zile lilikuwa na moto? Tumenunua spika mpya, tumerudisha tenzi za zamani, kwaya imeshona sare. Lakini nani kati yetu anakaa upande huu kwa sababu fulani anakaa upande ule? Nani anapitia mlango wa nyuma ili asimpe mtu mkono? Halafu tunamlaumu nani, Roho Mtakatifu? Inaniuma, wapendwa, kwa sababu hata mimi nimo.

Meza ya Bwana imeshaandaliwa, na mimi ndiye wa kwanza nisiyestahili kuigusa. Mzee Mwakipesile, hapo ulipokaa karibu na dirisha, mimi na wewe hatujapeana mkono tangu Kwaresima, na kosa ni langu. Usisimame, baba. Nashuka mimi.