Samadi Yenye Homa

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi wanyama walipokuwa wakilima na kupalilia na kugombania mipaka kama sisi, Mama Digidigi aliishi kando ya kijito. Miguu yake vijiti, mwili wake kiganja, lakini mdomo wake, ee, huo ulikuwa na kazi!

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Chiku. Na Chiku alikuwa haachi kuugua. Kila mvua ikinyesha, tumbo linanguruma, nguu! nguu! Mtoto anakonda mbavu zinaonekana.

Mama alijua kwa nini. Huko juu ya kijito walilima Nyati na Kifaru. Hao walizoa samadi mbichi zizini, bado inafuka moshi, wakaimwaga shambani mpaka ukingoni mwa maji. Mvua ikija, pwaa! Yote kijitoni, na walio chini wainywe.

Baraza la wanyama lilikuwa limeshapitisha sheria: samadi ilazwe shimoni mpaka iive, na isikaribie maji. Nyati alipoisikia alicheka hadi pembe zikatikisika.

"Zizi langu, samadi yangu, shamba langu! Nani wa kunipangia?"

"Hata mimi!" akasema Kifaru, ambaye husema hivyo kwa kila jambo.

Nani angewakamata? Kobe, askari wa baraza? Sheria ikabaki mdomoni.

Msimu ule Nyati akapanda mtama, akaurundikia samadi mbichi mpaka miche ikafunikwa hadi kiunoni. Haikupita muda, miche ikageuka njano, ikanyauka. Nyati akapiga kwato chini, du! du!

"Nimerogwa! Kuna mwenye kijicho hapa!"

Mama Digidigi alipopata habari, akaona njia. Akamfunika Chiku khanga pale mkekani, akamwambia, "Samadi haiugui, mwanangu, lakini leo itaumwa. Nyamaza tu, usimwambie mtu."

Akaenda mbio, ti-ti-ti-ti, mpaka kwa Nyati.

"Hodi! Shikamoo, Mzee Nyati."

"Marahaba. Kama umeleta ile sheria yenu, geuka ushike njia."

"Sheria? Mimi ya baraza siyawezi, mzee. Nimekuja kukupa pole. Nasikia una mgonjwa."

"Mgonjwa gani? Hapa sote wazima!"

"Haya, nipeleke kwenye samadi yako."

Nyuma ya zizi kulikuwa na lundo jipya. Mama Digidigi akachomeka kijiti katikati, chwii! Akangoja, akakichomoa.

"Shika, mzee."

"Uwiii! Cha moto!"

"Homa hiyo," akasema Mama Digidigi, akitikisa kichwa kwa huzuni.

Sasa nyinyi mnajua, wanangu, samadi mbichi ikirundikwa hupata joto yenyewe. Lakini Nyati hakuwahi kuigusa katikati. Kazi yake ilikuwa kumwaga tu.

"Homa?" akanong'ona.

"Kali! Umeipeleka shambani ikiwa mgonjwa, imeunguza mtama. Na homa hii ikimaliza mtama, hupanda kwenye kwato za mwenye shamba."

Nyati akainua mguu mmoja. Kisha akainua mwingine.

"Dawa yake nini, mama?"

"Mgonjwa si hulazwa? Chimba shimo kivulini, mbali na kijito, maana mwenye homa hapelekwi kwenye maji baridi. Ilaze humo, uifunike majani, uipime kwa kijiti. Kijiti kikitoka cha baridi, na yenyewe ikanukia udongo, imepona. Hapo ipeleke shambani, lakini kijitoni kamwe! Homa hurudi. Ila nakuomba, mzee, Kifaru asijue."

"Kifaru? Sitamwambia asilani!"

Jua halijatua, Kifaru naye alikuwa akichimba shimo, vumbi likitimka! "Hata mimi! Hata yangu ina homa!"

Mama Digidigi akapita akiuma midomo asicheke.

Mvua ikaja, kubwa haswa. Kijito kikajaa, lakini maji hayakunuka. Chiku akanywa. Mama akakaa karibu naye kutwa nzima, sikio tumboni kwake. Kimya. Tumbo limetulia! Mama Digidigi akalia kwa furaha, wala hakujificha.

Kule juu Nyati akapanda tena, akatia samadi iliyopona. Mtama ukasimama kijani kibichi kwa afya. Siku ya baraza akaja kifua mbele.

"Nina sheria niliyoifikiria mwenyewe! Samadi ilazwe mpaka homa ishuke!"

"Mama," akauliza Chiku kwa sauti kubwa, "si ulisema samadi haiugui?"

Nyati akageuza pembe polepole.

"Mama Chiku, ulinidanganya?"

Mama Digidigi akapiga goti. "Nilikudanganya, mzee. Nisamehe. Lakini kijiti kilikuwa cha moto kweli, na mwanangu alikuwa mgonjwa kweli, kwa maji yaliyotoka shambani kwako."

Nyati akamtazama Chiku. Mashavu yalikuwa yamejaa sasa, mbavu hazionekani. Akapumua, fuuuu!

"Kumbe mgonjwa nilikuwa mimi," akasema. "Sheria ipite. Na atakayemwaga samadi mbichi karibu na maji, atazijua pembe zangu."

"Hata zangu!" akasema Kifaru.

Basi kijito kikabaki safi hadi leo, nami nimeyanywa maji yake, ndipo nikapata sauti ya kuwaambia: asiyewezwa kwa nguvu, huwezwa kwa akili.